Nani Anayetazama Vinywa vya Vijana Wetu?

Msomaji, ikiwa una kijana wa umri wa miaka 10 hadi 19 nyumbani mwako, jaribu jambo moja leo jioni. Usimwulize kama amepiga mswaki, kwa sababu atakujibu ndiyo. Mwambie akuonyeshe mswaki wenyewe. Utazame kama umelowa, kama nywele zake zimelala ubavu kwa uzee, na kama ni wake peke yake au anatumia pamoja na nduguye. Nadhani wazazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe watagundua kwamba hawajauona mswaki huo tangu siku waliponunua, tena hapo ni ikiwa walinunua.

Mtoto mchanga tunamtazama kinywa kila siku. Tunasubiri jino la kwanza kwa hamu, na zamani wakongwe walikuwa na wasiwasi kwamba likianza kuota la juu mtoto ni kigego. Akifika darasa la kwanza tunahesabu mapengo na kucheka naye. Kisha anabaleghe, anafunga mlango wa chumba, na sisi tunafunga macho. Hatuonani tena na kinywa chake mpaka usiku ule anapolia kwa maumivu ya gego, na hapo mashauri yetu ni mawili tu: karafuu, au kung'oa.

Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya watoto walikuwa na meno yaliyooza, na kwa watu wazima hesabu ilizidi theluthi moja. Kuhusu ufizi unaotoka damu, karibu watu wazima wote waliopimwa walikuwa nao. Hebu fikiri kuhusu hesabu hizo mbili za kwanza. Kati ya robo na theluthi kuna umri, na umri huo ndio wa vijana tunaowazungumzia. Aghalabu ndipo tabia ya kupiga mswaki inapotia mizizi au inapokufa.

Lakini shabaha yangu leo si kurudia wimbo wa "pigeni mswaki mara mbili kwa siku". Wimbo huo kila mtoto wa shule anaujua. Ninalotaka kusema ni kwamba mvulana na msichana hawaharibikiwi na meno kwa njia moja, wala hawayatunzi kwa sababu moja, na sisi tunawapa wote wawili hotuba moja halafu tunashangaa kwamba haisikiki.

Tuanze na wasichana. Katika uchunguzi wa tabia za afya za wanafunzi unaofanywa kila baada ya miaka minne katika nchi zaidi ya 40, nyingi zikiwa za Ulaya, wasichana karibu kila mahali hupiga mswaki mara nyingi kuliko wavulana. Huku kwetu huhitaji mtafiti akuambie hivyo. Msichana wa Mtongwe au Mikindani hufunzwa tangu utotoni kwamba atatazamwa. Atatazamwa harusini, atatazamwa chuoni, na mama yake atasemwa kwa ajili yake. Mwanya wa mbele ukiwa mzuri unasifiwa. Harufu ya kinywa inasengenywa. Basi hujitunza.

La kushangaza ni kwamba kujitunza huko hakumwokoi kila mara. Katika jamii nyingi duniani wanawake wameonekana kuwa na meno mengi yaliyotoboka kuliko wanaume, ingawa ndio wanaopiga mswaki zaidi. Wataalamu hutoa sababu kadhaa. Meno ya msichana huota mapema kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hukaa muda mrefu zaidi kinywani na sukari. Mabadiliko ya homoni yana sehemu yake. Na sababu nyingine, ambayo mimi naipa uzito mkubwa kwa hapa petu, ni kwamba msichana yuko karibu na chakula.

Tazama nyumba nyingi za Kisauni. Nani anayekoroga sukari ya mabuyu na kuyatia rangi nyekundu ili yauzwe kwenye vipakiti? Nani anayefunga achari na ukwaju, anayekaanga kachiri, anayemwaga kaimati katika shira? Ni msichana, baada ya shule. Mkono ukipita juu ya sinia, kinywa nacho hupata fungu lake. Buyu moja sasa, jingine baada ya robo saa, jingine wakati wa kudurusu. Ubuyu una ukali wake wa asili, umezungushiwa sukari, tena hukwama kwenye magego na kukaa humo.

Hapa nieleze kidogo jinsi jino linavyooza, maana wengi hudhani ni dudu linalotafuna. Hakuna dudu. Juu ya jino kuna utando laini, ule tunaouita ukoga, na ndani yake wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ukila sukari, nao hula, kisha hutoa tindikali inayoyeyusha ngozi ngumu ya jino. Mate huja kuisafisha tindikali hiyo, lakini huhitaji nusu saa hadi saa nzima kuimaliza kazi. Ukila kitu kitamu mara moja na kumaliza, mate hushinda. Ukila kidogo kidogo mchana kutwa, mate hayapati nafasi hata siku moja. Kwa hiyo msichana aliyepiga mswaki vizuri alfajiri, halafu akafyonza mabuyu kuanzia saa tisa hadi saa mbili usiku, amefanya kazi ya bure. Kumwambia apige mswaki zaidi si kumsaidia. La kumsaidia ni kumwambia ale mabuyu yake yote kwa mara moja, baada ya chakula, asukutue kwa maji, basi.

Sasa mvulana. Huyu hutazamwa pia, lakini kwa jicho jingine. Jioni akipita maskani ya Magongo au Mshomoroni, anapimwa kwa ujasiri, kwa maneno, na kwa anachotafuna. Akionekana anajitazama kwenye kioo sana, ataulizwa kama yeye ni bibi harusi. Kujitunza kumefanywa kuwa mambo ya kike. Na maumivu ya jino hayasemwi, kwa sababu mwanamume halii. Anakunywa vidonge vya dukani mpaka shavu livimbe.

Halafu kuna muguka. Mwezi wa Mei 2024 Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alipiga marufuku muguka katika Kaunti ya Mombasa, na wenzake wa Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Wakulima wa Embu wakalalamika, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo, na Rais William Ruto naye akasema hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Mabishano yalikuwa makali sana. Wakulima walitetea riziki yao, na sisi wa Pwani tukazungumza juu ya vijana wanaopoteza akili na usingizi. Sikusikia watu wengi wakizungumza juu ya meno, ingawa muguka huanzia kinywani kabla haujafika kichwani.

Majani hayo ni machungu. Ili kuua uchungu, kijana hutafuna pamoja na Big G, au njugu, na kuteremshia soda. Hutafuna saa tatu, saa nne, shavu moja. Wakati huohuo dawa iliyomo ndani ya majani hukausha mate. Rudia maelezo niliyotoa hapo juu, msomaji, utaona hatari yake: sukari inaingia bila kukoma, na mlinzi wa jino ameondolewa langoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku. Chupa moja ya soda ya nusu lita hukaribia kiwango hicho au hukipita. Kijana wa maskani huenda akamaliza chupa mbili kabla ya isha.

Ndiyo maana nasema sukari ni ileile, milango ndiyo tofauti. Msichana inampata jikoni, mvulana inampata barazani. Ukienda na hotuba ya soda kwa msichana wa mabuyu, au hotuba ya pipi kwa mvulana wa muguka, kila mmoja atakuona unamsema mwenziwe.

Mvulana ana balaa jingine, nalo ni meno ya mbele kuvunjika. Duniani kote wavulana huumia meno ya mbele zaidi kuliko wasichana, kwa mpira, kwa ngumi na kwa kuanguka, na huku kwetu ongeza bodaboda. Hapa kuna elimu ndogo ambayo ningependa kila kocha wa timu za mtaani aijue. Jino la ukubwani likitoka zima na mzizi wake, halijafa bado. Liokote kwa kulishika upande wa kichwa, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze upesi kwa maji safi au maziwa, usilisugue. Lirudishe mahali pake, mtoto aling'ate kitambaa, mwende kwa daktari wa meno. Ukishindwa kulirudisha, litie ndani ya maziwa baridi. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye thamani. Meno mangapi yamezikwa mchangani Likoni kwa sababu mtu hakuambiwa hivyo?

Nimekwisha kutaja maskani na jikoni. Sasa niingie moyoni, maana ndiko tabia inakokaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Joyce Masalu wa Tanzania na mwenzake Anne Åstrøm wa Norwei walichunguza kwa nini baadhi ya wanafunzi wa Tanzania hukusudia kupunguza sukari na wengine hawakusudii. Walitumia nadharia inayouliza mambo matatu: mtu mwenyewe anaonaje jambo hilo, watu anaowajali wanamtazamia afanye nini, na je, anajiona ana uwezo wa kulifanya? Angalia kwamba hakuna swali la nne linalosema "anaogopa kiasi gani?" Nasi hofu ndiyo silaha yetu ya pekee. Tunawaonyesha picha za meno meusi, tunawatisha kwa sindano. Kijana wa miaka 15 haogopi meno yake ya miaka 40. Miaka 40 kwake ni uzee wa mbali.

Anachoogopa ni kesho asubuhi, darasani, mtu akigeuza uso anapomsogelea. Wenye biashara walilijua hilo kabla yetu. Matangazo ya Close-Up hayakuwa yakihubiri juu ya kuoza. Yaliuza pumzi safi na kukaribiana. Si kila la wafanyabiashara ni la kuigwa, lakini hapo walimwelewa kijana kuliko tulivyomwelewa sisi.

Hata hivyo aibu ni kisu chenye makali pande zote mbili. Kijana anayeona aibu kidogo atapiga mswaki. Kijana anayeona aibu nyingi ataacha kucheka, ataziba mdomo kwa kiganja, atakaa nyuma ya darasa, hatanyosha mkono. Wapo wanaodhaniwa wana kiburi au hawana akili, kumbe wanaficha jino. Na uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba vijana wenye huzuni ya muda mrefu na wasiojithamini hupiga mswaki mara chache zaidi. Kwa hiyo ukimwona bintiyo au mwanao ameacha ghafla kujisafisha kinywa, usikimbilie kumwita mchafu. Muulize ana nini. Huenda mswaki mkavu ndiyo dalili ya kwanza utakayoiona ya jambo zito zaidi.

Jambo jingine linalowatisha vijana ni damu. Wakati wa kubaleghe homoni huufanya ufizi uwe mwepesi kuvimba na kutoka damu, hata kwa ukoga mchache, na wasichana wengine huona hali hiyo ikizidi karibu na siku zao. Kijana akiona damu kwenye mate hudhani mswaki unamuumiza, akaacha kupitisha hapo. Ni kinyume chake. Pale panapotoka damu ndipo panapohitaji kusafishwa, polepole, kwa mswaki laini, na kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili damu hukoma. Isipokoma, aonwe na daktari.

Sasa najua msomaji wa Bofu au Chaani ananiuliza: maji ya kupiga mswaki mara mbili yatoke wapi? Swali ni la haki. Bomba la Mzima lilimalizika mwaka wa 1957, mji ukiwa mdogo, na tangu hapo watu wameongezeka kuliko maji. Nyumba nyingi za ng'ambo ya kisiwa zinanunua kwa mitungi, na visima vingi vya Kisauni vina chumvi. Mtungi mmoja ukigawanywa kwa kupika, kutawadha na kufua, kinywa ndicho hupunguziwa. Lakini kusema kweli, kupiga mswaki hakuhitaji maji mengi. Kikombe kimoja chatosha. Tena wataalamu siku hizi hushauri kwamba baada ya kutumia dawa ya meno uteme povu tu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya jino. Dawa isiyo na floraidi haina faida kubwa, hata ikiwa na picha ya majani kwenye boksi. Mkaa na mchanga, ambavyo bado vinatumiwa na wengine ili meno yawe meupe, hukwaruza jino.

Na ule mswaki wa mti, je? Mimi ni mtetezi wake. Ni rahisi, hauhitaji maji, na umeheshimiwa na dini tangu zamani. Kwa mvulana una faida ya ziada: ni usafi anaoweza kuufanya barazani mbele ya wenzake bila mtu kumcheka. Ila atafune ncha mpaka ilegee, aikate kila siku, na afikie magego ya nyuma, wala asiishie kwenye meno ya mbele yanayoonekana. Atakayeweza aongeze dawa ya floraidi usiku kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani vijana wengi huacha kabisa kusafisha kinywa mchana kwa kuogopa kubatilisha saumu, na usiku wote ni futari na shira. Hukumu ya dawa ya meno wakati wa saumu waulizwe wanavyuoni. Mimi nasema tu kwamba baada ya daku na kabla ya kulala hakuna mwenye udhuru.

Nimefika mahali panaponikera. Tangu mwaka wa 2013 hospitali ziko chini ya kaunti, lakini shule za msingi na za sekondari zimebaki chini ya serikali kuu. Kinywa cha mwanafunzi kimeanguka katikati. Mwalimu husema hayo ni mambo ya afya. Mtu wa afya husema hana ruhusa wala gari la kwenda shuleni. Kuanzia mwaka huohuo wa 2013 hadi 2015 Wizara ya Elimu iliongozwa na Profesa Jacob Kaimenyi, ambaye ni daktari bingwa wa ufizi, na bado shule zetu nyingi hazina bomba ambapo mtoto anaweza kusukutua baada ya chakula cha mchana. Simlaumu yeye peke yake. Nasema tu kwamba kama wakati ule haikuwezekana, basi tusingoje waziri mwingine mwenye taaluma hiyo.

Kila tarehe 20 Machi, siku ya afya ya kinywa duniani, huwa kuna fulana, kuna maandamano, kuna miswaki ya bure. Baada ya hapo kijana wa Shika Adabu akiumwa, avuke feri. Kwa miguu havuki kwa malipo, ni kweli, lakini atakosa siku ya shule, na msichana huhitaji pia ruhusa na mtu wa kumsindikiza. Akifika, jino ambalo lingezibwa mwaka uliopita sasa ni la kung'olewa tu, na nyumbani ameshaambiwa kwamba jino la juu likitolewa macho hupofuka. Si kweli. Jino la juu halina uhusiano wa namna hiyo na jicho. Kilicho kweli ni kwamba jino lililooza likiachwa linaweza kuleta jipu linalopanda usoni au kushuka shingoni, nalo huhatarisha uhai.

Ninachoiomba kaunti si kikubwa. Wahudumu wa kinywa walioko Port Reitz, Likoni na kwingineko wapewe siku moja ya wiki kwenda shuleni, na wakifika wawatenge wavulana na wasichana kwa nusu saa, kila kundi lizungumziwe mambo yake. Kwa wavulana watumiwe makocha na maustadhi wanaosikizwa. Kwa wasichana, wamama wauza mabuyu waitwe nao wakae kwenye kiti, kwa sababu wao ndio wanaojua biashara ile inavyokwenda na namna ya kupunguza sukari bila kupoteza wateja.

Na wewe mzazi, muhula ujao kutakuwa na mkutano wa shule, kama kawaida. Mtaulizwa juu ya karo, sare na ukuta. Simama uulize bomba liko wapi, na kibanda kilicho langoni kinauza nini saa nne ya mapumziko. Uliza pia kama kuna mwalimu yeyote ambaye mtoto mwenye jino linalouma anaweza kumwendea bila kuchekwa. Andika majibu, maana mkutano unaofuata utahitaji kuyarejelea.